Ua Lisilo na Haraka

Akina mama kadhaa wa Tarime na Mugumu wametuuliza kwa nini ua lao la ndani, lile lenye majani manene yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, hukaa miezi mingi bila kuongeza hata jani moja. Wengine wamelimwagia maji mpaka likaoza. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, kwa kifupi ZZ. Tusidhani asili yake ni Ulaya. Huota lenyewe porini kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi miaka ya 1990, nalo likaturudia likiwa na bei.

Chini ya udongo lina kitu mfano wa kiazi, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji. Basi mama anayelinywesha kila asubuhi analiua. Hapa Tarime tuko juu na kuna baridi. Wakati wa masika sisi hulimwagilia mara moja kwa mwezi. Mugumu kwenye jua, wiki mbili au tatu zinatosha. Chomeka kidole: kikitoka na unyevu, acha. Udongo wetu mwekundu uchanganywe na mchanga wa mtoni na chenga za mkaa. Kopo tupu la rangi linafaa, mradi litobolewe chini kwa msumari wa moto. Tena lisiwekwe nyuma ya pazia zito. Gizani litaishi, ila halitakua. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi.

Uvumi kwamba ua hili huleta kansa hauna ukweli. Lakini utomvu wake huwasha mdomo na ngozi, kwa hiyo nawa mikono, nalo likae mbali na mtoto anayetambaa.

Sisi wauguzi, pamoja na akina mama wenzetu wa kanisa, tumelipeleka pia katika nyumba ya hifadhi wanakokimbilia wasichana ili wasikeketwe. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini likizo ya Desemba ikifika bado wanakuja, wengine na sare ya shule tu mwilini. Tuliwapa kila mmoja jani moja dogo alichomeke kwenye kopo lake. Jani hilo hutengeneza kiazi kwanza, kimya kimya, na chipukizi huweza kuchukua hata mwaka kuonekana.

Baadhi yetu walipinga. Mtoto mwenye hofu, walisema, apewe sukuma wiki, aione ikikua na aile. Neno hilo lilikuwa na haki, na sukuma tukapanda uani. Makopo nayo yakabaki dirishani.

Msichana mmoja wa miaka 13 alikuwa akifukua jani lake kila siku aone kama limeota. Hatukumkemea. Tulichukua jani la zamani, tukalichomoa na kumwekea kwenye sahani: chini yake palikuwa na kiazi kidogo kama punje ya harage. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama, nikirudishwa nyumbani kabla halijaota?"

Tulitazamana. Msimu ukiisha wazazi huitwa, husuluhishwa, hutia sahihi kwamba binti hataguswa. Wapo wanaorudi kwa furaha. Wapo wasioweza kurudi, na mwezi huo wa Desemba hakuna kati yetu aliyejua yeye angekuwa wa upande gani. Tulimwambia kopo ni lake, likiondoka naye au likimngoja. Akachukua msumari, akalikwaruza alama yake ubavuni. Tangu siku hiyo hakufukua tena.

Wazazi walikuja Februari. Mama alilia, baba alikataa kutia sahihi. Binti akaanza muhula akitokea hapo hapo kwenye hifadhi, na kila Jumamosi tulimkuta akilifuta kopo lake vumbi.

Chipukizi lilitokeza Novemba, limesimama kama penseli. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, naye akatukataza kulimwagilia: alikuwa amekwisha kuchomeka kidole.