Mazabodi Iliyodhaniwa Imekufa

Huku kwetu Mikindani bahari i karibu mno, na chumvi yake haichagui. Hula bati za nyumba, hula bawaba za milango, na mwaka jana iliifikia kompyuta ya kaka yangu. Mashine hiyo hakuinunua nzima. Aliiunga mwenyewe kwa vipande vikuukuu, kasha hapa, prosesa pale, naye huchapia watu barua na mitihani. Sare yangu na daftari zangu hutoka humo.

Siku moja aliiwasha, feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Fundi mmoja akaitazama kitambo kidogo, akasema, "Mazabodi imekufa, tafuteni nyingine." Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na mapato ya miezi mitatu, na kaka akataka kuviuza vipande vyote. Nikamwomba siku mbili, maana fundi hakuchomoa hata kitu kimoja, na sijui mtu awezaje kutangaza kifo bila kupima mapigo.

Kwanza tulichomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha kasha ili umeme tuli uliomo mwilini utoke, kwani huo waweza kuua ramu bila mtu kuhisi. Tukatazama kapasita. Zilizoharibika huvimba vichwa, na ugonjwa huo ulizipata mazabodi nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000. Zetu zilikuwa bapa. Ndipo tukatoa ramu zote mbili, tukawasha mashine hivyo hivyo. Spika ndogo ikalia: ti, ti, ti! Kaka akacheka kwa furaha, ingawa mlio ule ni wa malalamiko, maiti halalamiki. Kama ingenyamaza kabisa, tungeshuku chombo cha umeme, prosesa, au mazabodi yenyewe.

Tukasugua meno ya ramu kwa ufutio, tukazirudisha moja moja. (Ni za DDR3, zenye meno 240; za DDR4 zina 288, hazibadilishani.) Ya kwanza katika tundu la kwanza: mlio. Ya pili katika tundu lilo hilo: mlio. Tukazijaribu katika tundu la pili, na kila moja ikawasha kioo. Basi ramu zote zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa tundu moja. Tulipolimulika kwa tochi tukaona kutu ya kijani. Spiriti na mswaki havikufaa kitu.

Lakini kuwaka peke yake si ushahidi. Ramu yaweza kukosea mahali pamoja tu kati ya mamilioni, na kazi ya mtu ikaharibika. Kwa hiyo usiku tuliiachia programu ya Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, ambayo huandika na kusoma tena ramu nzima. Umeme ukakatika, tukaanza upya. Asubuhi makosa yalikuwa sifuri.

Sasa mashine hutumia gigabaiti 4 badala ya 8, nayo huzubaa kidogo picha zikiwa nyingi. Kaka ameihamisha meza kutoka dirisha la baharini hadi ukuta wa ndani, jambo ambalo mama alikuwa akimwambia tangu zamani.