Televisheni ya chogo na waliokaa nasi

Sisi tuliozaliwa Keko mwishoni mwa miaka ya 1980, tunapokutana msibani, kwenye walima au barazani baada ya Sala ya Isha, hatuchelewi kufika kwenye vipindi vya watoto vya enzi zetu. Mmoja ataigiza sauti ya katuni, mwingine ataitikia, na watu wazima wenye ndevu na majukumu watacheka mpaka machozi yawatoke. Kisha atatokea wa kuhitimisha kwa kauli tuliyokwisha kuizoea: vipindi vya watoto wa siku hizi si kama vile vya zamani.

Tumeona ni vyema kauli hiyo ipimwe, kwa kuwa imevuka baraza na kufika mezani pa kamati ya msikiti wetu. Baadhi ya wazazi walileta hoja kwamba kamati itoe tangazo baada ya Sala ya Ijumaa, kila nyumba iwaondolee watoto televisheni na simu moja kwa moja. Hoja yao msingi wake ulikuwa huo huo: zamani palikuwa na vitu vya maana, sasa hakuna. Ni wajibu wetu basi kuuliza, zamani palikuwa na nini hasa?

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati huku Bara ilihesabiwa kuwa ni anasa isiyolingana na hali ya nchi. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994, na jina lililoingia haraka vinywani mwa watoto wa Dar es Salaam ni ITV. Kabla ya hapo mtoto alikuwa na redio. Kaka na dada zetu walilelewa na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Debora Mwenda akisimulia hadithi iliwafanya watoto wa nyumba nzima wanyamaze. Sisi tulikuwa kizazi cha kwanza cha mitaa yetu kuona picha zikitembea ndani ya nyumba.

Keko ni mtaa wa maseremala, na hilo liliipa televisheni heshima ya pekee. Mafundi wetu, waliozoea kuchonga vitanda na makabati ya vyombo, wakaanza kutengeneza makabati ya televisheni yenye milango miwili na kitasa. Ndani yake ilikaa televisheni ya chogo, inchi 14, imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni bi harusi. Mwenye nyumba alipofungua kufuli, watoto tulikuwa tumekwisha kaa mkekani. Nje, antena ilifungwa juu ya mti mrefu, na mmoja wetu alipewa kazi ya kuuzungusha huku wa ndani wakipiga kelele: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Akiuachia, chenga zinarudi. Mara nyingi aliyeshika mti hakuona kipindi chochote siku hiyo.

Tuliangalia nini? Ukweli ni kwamba katuni nyingi zilitoka ng'ambo, na zenye maneno zilikuwa kwa Kiingereza. Tuliyoielewa bila taabu ni ile ya paka na panya, Tom and Jerry, kwa kuwa wale hawahitaji kuongea. Nyingine tulizielewa kwa msaada wa kaka mmoja aliyefika kidato cha pili. Alitafsiri alipoweza, na pale Kiingereza kilipomshinda alitunga. Baadaye tulipokua tukajua kwamba nusu ya visa tulivyovipenda havikuwemo kabisa kwenye kipindi. Vilitoka kichwani mwake. Mabanda ya video nayo yalikuwa na utaratibu huo, na Lufufu alijipatia jina kubwa mjini kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake. Kwa hiyo tunaposema tunakumbuka katuni zile, kwa sehemu kubwa tunamkumbuka aliyetusimulia.

Nyuma ya mkeka palikuwa na kiti, na kitini alikaa mtu mzima. Bibi wa nyumba alikuwa akichambua mchele, hana habari na Kiingereza, lakini masikio yake yalikuwa kwetu. "Huyo kampiga mwenzake kwa nini?" aliuliza. Tukimjibu, naye anatoa hukumu: aliyepiga hana adabu, na anayecheka mwenzake akiumia moyo wake una kutu. Ilipoadhiniwa Magharibi, baba wa nyumba alinyoosha mkono akazima bila kuuliza kipindi kimefika wapi. Na jioni ambazo saa ya katuni iligongana na saa ya madrasa, Ustadhi alijua nyumba yenye televisheni iko wapi. Alifika mlangoni, akatoa salamu, na mkeka ukabaki mtupu.

Lakini asiyesema ukweli wote huyo ameficha. Mkeka ule haukuwa wa watoto wote. Zilikuwepo nyumba zilizotoza shilingi 50 mlangoni, na asiyekuwa nayo alichungulia dirishani mpaka pazia lilipovutwa. Wapo wenzetu waliofukuzwa kwa sababu miguu yao ina vumbi. Wasichana waliitwa kuchota maji kipindi kinapoanza, na wavulana tukabaki. Umeme ulikuwa wa mgao, ukikatika kisa kinaishia katikati. Anayezitaja siku hizo kana kwamba zilikuwa pepo amesahau kumuuliza aliyekuwa upande wa pili wa dirisha.

Tukija kwenye vipindi vyenyewe, uadilifu unatulazimisha kukiri kwamba watoto wetu wamepata bora kuliko sisi. Mwishoni mwa muongo wa 2000 watoto wa Tanzania walipata Kilimani Sesame, vikaragosi vilivyozungumza nao kwa Kiswahili kuhusu herufi, hesabu na kujikinga na malaria. Mwaka 2014 TBC1 ikaanza kuonyesha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, inayofundisha hisabati na sayansi kwa visa na nyimbo. Mtoto aliweza hata kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Ikafuata Akili and Me, ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, anayewafunza wadogo kuhesabu na kusoma. Sisi tulikua hatujaona katuni yenye mtoto anayefanana nasi na kusema lugha yetu. Wanetu wanalo hilo, nao hawalioni kuwa ni ajabu.

Basi ikiwa vipindi vimekuwa bora, kilichopungua ni nini?

Jibu lilijitokeza katika kikao cha kamati, na katibu ndiye mwenye kushika kalamu, hivyo tunalo katika kumbukumbu. Hoja ya kutangaza marufuku ilipokwisha kusomwa na wengi kuiunga mkono, mzee mmoja, ambaye kwa kawaida huzungumza mwisho, aliwageukia wazazi walioileta. Akawauliza: "Watoto wenu wanaangalia nini?" Wakajibu: mambo ya ovyo. Akasema: "Nitajieni moja kwa jina." Pakawa kimya. Hakuna aliyeweza kutaja kipindi kimoja, si cha ovyo wala cha maana. Bibi yetu mchambua mchele, asiyejua Kiingereza, angeweza kuvitaja vyote.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2013, mitambo ya analojia ilikuwa imezimwa Dar es Salaam na ving'amuzi vikatawala. Antena zikashuka, chenga zikatoweka, na mtoto wa kushika mti akapumzika. Muda si mrefu zikaenea simu za kioo, na picha ikahama kabatini ikaingia kiganjani. Mafundi wa Keko hawaulizwi tena kuhusu kabati lenye kitasa. Kiti kile cha nyuma ya mkeka nacho kimekosa mahali pa kuwekwa, kwani skrini ya ukubwa wa kiganja haina nafasi ya watu wawili. Mtoto anaangalia peke yake, anacheka peke yake na, baya zaidi, anaogopa peke yake.

Kamati haikutoa tangazo la marufuku. Badala yake iliamua kwamba kila Alhamisi, kabla ya kufunga madrasa, walimu watenge dakika chache watoto wasimulie walichoangalia wiki hiyo. Wapo waliotushangaa, wakaona kwamba madrasa si mahali pa katuni. Tuliwakumbusha Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuhusu mdogo wake Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kijindege alichokuwa akicheza nacho, na Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao alikuwa akimuuliza habari za kijindege kile. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, aliandika risala nzima akitoa faida zipatazo 60 katika Hadithi hiyo fupi. Sisi tunachukua moja tu: kiongozi wa Umma, pamoja na mazito yote yaliyokuwa mabegani mwake, alijua mtoto wa jirani anacheza na nini.

Alhamisi za mwanzo zilikuwa za vicheko. Mmoja alisimulia kisa cha Ubongo Kids na kutupa hesabu iliyowatoa jasho walimu wawili. Kisha zamu ikamfikia mvulana wa miaka minane, mtoto mtulivu, hodari wa kuhifadhi. Tunamwandika kwa idhini ya mama yake, na jina tunalihifadhi. Alisema yeye haangalii katuni, anaangalia "za dini". Alipoulizwa zipi, akaeleza picha zilizotengenezwa kwa kompyuta zikionyesha adhabu za kaburi: majoka, moto, mtu akisagwa mbavu, na nyuma yake kisomo cha Qur'ani kwa sauti nzuri. Mama yake, ambaye hukaanga vitumbua tangu alfajiri na kurudi jikoni jioni, alikuwa akisikia kisomo kikitoka kwenye simu, na moyo wake ukatulia. Hatumlaumu, nani kati yetu angekimbilia kuizima sauti ya Qur'ani?

Mtoto akaendelea. Babu yake alifariki miezi michache kabla. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akisali amekaa kitandani. Katika picha zile aliyepuuza Sala aliumwa na joka. Basi kila usiku taa ilipozimwa, mtoto huyu alikuwa akimwona babu yake na lile joka. Hakumwambia yeyote, kwani hakutaka watu wajue kwamba babu alikuwa "mvivu wa kusali".

Darasa zima lilinyamaza. Ustadhi alimsogeza karibu, akamweleza taratibu kwamba mgonjwa asiyeweza kusimama anasali amekaa, na asiyeweza kukaa anasali amelala ubavu, na kwamba Sala ya babu yake ilikuwa Sala kamili ya mtu aliyeshindwa na mwili, asishindwe na imani. Akamwambia kwamba dua ya mjukuu humfikia babu, akamfundisha ya kumwombea. Mtoto aliuliza swali moja tu: "Hata kama alikaa siku zote za kuumwa?" Akajibiwa: hata hivyo. Mama yake anatuambia kwamba sasa analala.

Jambo hilo lingeweza kutatuliwa usiku wa kwanza, kwa sentensi tatu, na mtu yeyote mzima aliyekaa naye. Marufuku ya televisheni isingemgusa, kwa sababu alichokiangalia kilikuwa na sura ya dini, na nyumba nyingi zingekiacha kipite. Na tangazo la Ijumaa lisingemfanya aseme lililokuwa kifuani mwake.

Kwa hiyo tunawaambia ndugu zetu wa rika letu, wanaosononeka kwa ajili ya katuni za zamani: hamzikosi katuni. Mnamkosa kaka aliyetafsiri, bibi aliyeuliza "kwa nini", na baba aliyezima kwa wakati. Hao hatuwezi kuwanunua katika duka la ving'amuzi, ila nafasi zao tunaweza kuzikalia sisi wenyewe. Simu ya mtoto na iangaliwe sebuleni, si chumbani. Ikiadhiniwa, izimwe, na mzazi azime yake kwanza. Ambaye kazi zinamrudisha usiku, na wengi wetu tuko hivyo, ampe kazi hiyo dada, shangazi au jirani anayemwamini. Na kabla mtoto hajalala aulizwe: leo umeangalia nini? Akitaja kipindi usichokijua, mwambie akusimulie kuanzia mwanzo, nawe usikilize mpaka mwisho.

Wabillahi tawfiq.