Gari la chanjo: betri mbili zilinunuliwa bure, ubovu ulikuwa kwenye masi

Uvira, Kivu ya Kusini. Katika barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka, hupita gari moja la chanjo ambalo watu wake hulala humo humo. Nyuma mna kitanda chembamba, taa mbili na friji ndogo ya volti 12. Friji hiyo ina betri yake, mbali na ile ya kuwashia injini. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikizimika usiku, na jibu la garaji lilikuwa lile lile: betri imekufa, leteni ingine. Zikanunuliwa mbili, kwa pesa iliyokuwa ya mazuti.

Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Chupa nyingi zina alama inayobadilika rangi zikikaa sana kwenye joto. Ikishabadilika, chupa inatupwa, na mama aliyeteremka mlimani na mtoto mgongoni anaambiwa arudi siku ingine. Wengine hawarudi. Kwa hiyo muuguzi alikuwa akilala nusu usingizi, karibu na sanduku la barafu la akiba.

Kabla ya kununua betri ya tatu, dereva alipeleka gari kwa fundi mzee wa Kavimvira.

"Papa shofere, betri mliipima?"

"Tuliipima, Fundi. Ilionyesha 12,4."

"Mliipima ikiwa imepumzika. Mama muganga, washa friji, tuipime ikiwa kazini."

Hapo ndipo mambo mengi huharibika. Betri nzuri iliyojaa, ikipumzika, huonyesha volti 12,6 au 12,7. Lakini waya mbovu hauonekani kama hakuna umeme unaopita ndani yake. Friji ilipowaka, betri ilionyesha 12,3, ila kwenye plagi ya friji mita ilisoma 10,2. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinapotelea njiani, na friji za namna hiyo hujizima zenyewe umeme ukishuka hivyo.

Fundi hakugusa kitu. Aliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na ya pili kwenye chanya ya plagi: 0,2. Kisha hasi kwa hasi: 1,9. Mwizi alikuwa upande wa masi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Aliufuata kwa mkono mpaka chini ya kiti, akakuta bolti ina joto. Ilikuwa imekazwa juu ya rangi, na unyevu wa ziwa ulikuwa umeshaleta kutu katikati.

Bolti hiyo ndiyo iliyoua zile betri pia. Umeme wa kuchaji kutoka kwenye alternata ulipita papo hapo, kwa hiyo safari nzima ya kwenda Baraka haikutosha kuijaza betri. Betri ya asidi ikikaa nusu tupu wiki kwa wiki huharibika, hata iwe mpya namna gani. Garaji haikudanganya iliposema betri ni mbovu. Haikuuliza tu kwa nini.

Tena, volti 12 si umeme wa nyumbani. Pasi ya wati 1000 nyumbani, kwa volti 220, huvuta ampea zisizofika 5. Kwenye gari, kwa kupitia inveta, huvuta zaidi ya 80. Waya mwembamba au bolti iliyolegea ambayo nyumbani ingevumiliwa, garini inapata moto. Wanaolala ndani ya malori na kuunga vitu ovyo ovyo kwenye betri wanalalia hatari.

Kazi yenyewe haikufika saa moja: kutoa waya wa betri kwanza, kukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kukaza, kupaka grisi juu. Friji ikawashwa tena. Kwenye plagi: 12,0. Injini ikinguruma: 13,9.

Juma lililofuata gari lililala Mboko. Muuguzi aliamka saa nane usiku, kwa mazoea tu, akamulika kipimajoto: digrii 4.

Betri moja kati ya zile zilizotolewa ilichajiwa siku mbili ikafufuka. Sasa inachaji simu kwenye kibanda karibu na soko. Ile ya pili ilikataa kabisa.