Karani wa Vitabu Vyangu

Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu. Nilipokuwa kidato cha pili, panya walitafuna kona ya kitabu cha maktaba nikakilipa kwa pesa ya nauli. Wiki mbili nzima nilikwenda shule kwa miguu! Nyanya alipopata habari hiyo alinipa paka wake mmoja, jike la madoadoa. Nikamwita Karani kwa sababu hakutaka kulala popote ila juu ya vitabu, kama anayevihesabu.

Ndugu msomaji, mimi ni mpenzi wa hadithi za ajabu, hasa zile za upole zisizo na vita vingi. Ukinipa hadithi ya jini mwenye huruma, au ya mji ambao mfalme wake husikiliza shida za watu, umenimaliza. Usiku nikishaosha vyombo huwasha koroboi, Karani akapanda mapajani, nasi tukaanza safari. Ndivyo nilivyomsoma Alice wa Lewis Carroll, hadithi ya mwaka 1865 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940. Humo mna paka anayetoweka polepole hadi likabaki tabasamu lake tu. Karani naye hutoweka, lakini kinachobaki ni manyoya kwenye sketi yangu ya shule.

Baba haoni maana yake. "Ati majini! Yatakupa nini kwenye mtihani?" Mimi hunyamaza.

Likizo ya Agosti Karani alizaa watoto watatu ndani ya katoni ya madaftari yangu. Mama akasema nyumba ni ndogo, na maziwa ni ya chai, si ya paka. Niliagizwa niwatie kikapuni nikawaache sokoni. Macho yao yalikuwa yamefunguka juzi tu. Sikubishana, si mnawajua mama zetu? Niliwaweka nyuma ya kibanda cha muuza samaki, nikijidanganya kwamba pale hawatalala njaa, ilhali hata meno hawakuwa nayo.

Usiku huo Karani alizunguka nyumba nzima akilia. Alinusa katoni, akanitazama, akalia tena. Ili nisimsikie, nilifungua Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Nikafika pale Adili anapowachapa ndugu zake waliogeuzwa manyani. Huwachapa kila usiku kwa amri ya jini, naye mwenyewe hulia. Nilikifunga kitabu. Nilijiona ni mimi yule, ninayetii huku moyo unaniuma. Lakini baadaye Mfalme Rai aliwaombea manyani wale, wakarudi kuwa watu. Kumbe hata amri ya jini huombewa!

Alfajiri nilibisha mlango wa mama. "Mama, nisamehe, nimeshindwa. Nipe mwezi mmoja tu wanyonye, kisha nitawatafutia kwao." Alinitazama kitambo, nami nikangoja kugombezwa. Akasema, "Chukua tochi." Tukaenda sote wawili.

Tuliwakuta wawili wazima, wameshikamana. Wa tatu alikuwa amepoa. Mama ndiye aliyemfunika kwa kipande cha leso yake, wala hakusema neno njiani.

Nilitimiza ahadi yangu. Mmoja sasa yuko kwa nyanya, na mwingine analinda magunia ya mahindi kwa jirani yetu mwenye duka. Karani yuko hapa, amelalia karatasi hii ninayoandikia.

Wenzangu, baba akiuliza tena hadithi za majini zitanipa nini, sitanyamaza. Zimekwisha nipa paka wawili. Yule wa tatu ni deni langu mwenyewe, kwa kuwa nilitii kabla sijaomba.