Mungu Alitushika Kwenye Kona ya Mombo

Ndugu yangu unayesoma haya huku pikipiki yako imelala gereji, bosi anapiga simu na nyumbani unga umeisha, nakusalimu. Hapo ulipo nimekaa. Naeleza yaliyonipata kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeniambia kwamba yana mwisho.

Mimi ni bodaboda wa Soni, wilaya ya Lushoto. Pikipiki niliichukua mpya, ya mkataba. Mwenye mali ananunua, mimi nampelekea hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, na mkataba ukiisha kadi inaandikwa jina langu. Duka tuliponunua, Tanga mjini, walitupa kitabu cha dhamana chenye muhuri. Sevisi ya kwanza, kilomita 500, ni bure, ila lazima ifanyike kwao, la sivyo dhamana inakufa. Nikashuka mpaka Tanga, ikafanyiwa, nikarudi naimba.

Haukupita muda ikaanza. Penye tambarare huoni kitu. Ukishika mlima unapiga resi, injini inalia, mwendo hauongezeki. Na huku kwetu tambarare iko wapi? Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kilomita thelathini na kidogo, inatoka kwenye joto la bondeni inapanda mpaka kwenye baridi, kona juu ya kona, mwamba upande huu, korongo upande ule. Madereva wa huko chini wakisikia klachi inateleza wanakasirika. Sisi tunaogopa.

Nikaipakia kwenye Fuso la kabichi mpaka Tanga. Wakaifungua, wakaweka pleti mpya bila kudai hata senti, wakamwaga oili na kujaza nyingine. Nikawashukuru sana. Ikarudia. Safari hii wakasema pleti ni kitu cha kuchakaa, dhamana haigusi, na tena eti naendesha huku nimeshika klachi. Nikalipa. Ikarudia tena. Na wewe unajua, pikipiki ikilala gereji hesabu hailali. Deni linapanda tu.

Sasa usiku ule.

Pikipiki ilikuwa imetoka gereji juzi yake. Pale Mombo kulikuwa na mama mmoja ametoka hospitali na mtoto, magari ya kupanda yameisha, akaniomba nimfikishe Soni. Kona za mwanzo tulipita vizuri. Halafu mlima ukakaza. Nikarudi gia ya pili. Nikarudi ya kwanza. Injini inapiga kelele. Pikipiki haiendi. Nikasikia harufu ya kuungua. Tukasimama.

Tukaanza kurudi nyuma.

Nikabana breki ya mbele. Tairi likaserereka kwenye changarawe. Nikatia mguu chini. Mguu ukateleza. Nyuma yetu giza, na ndani ya lile giza korongo. Yule mama hakupiga kelele. Alisema, "Yesu." Mara moja tu. Mtoto akalia. Juu yetu zikatokea taa za lori, linashuka. Nilichofanya hapo sikikumbuki. Nakumbuka nimelala juu ya pikipiki upande wa mwamba, tairi la nyuma limekwama kwenye jiwe. Mama amekaa mtaroni, mtoto kifuani. Wazima. Lori likapita. Upepo wake niliusikia usoni.

Watu wa lori walisimama mbele, wakarudi kwa miguu kutusaidia. Mikono yangu ilikataa kuachia usukani. Mmoja wao alinifungua vidole, kimoja kimoja.

Siku zilizofuata sikufaa kitu. Chakula hakipiti. Usiku nikisikia injini yoyote inapanda mlima, nakaa kitandani nasubiri ikwame. Bosi akasema, lete hesabu au lete pikipiki. Sikumlaumu, naye ana watoto. Mke wangu alikuwa anauza maandazi tunakula kwa hayo. Mama yangu akauza mbuzi wake bila kuniuliza, pesa akampelekea bosi mwenyewe. Wanajumuiya walikuja jioni kusali nasi. Nilipiga magoti nao lakini neno halikutoka. Wakasali kwa niaba yangu.

Mama ndiye aliyemwita kaka yake, mjomba wangu, fundi wa zamani wa mashine za mbao. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mpwa wangu. Leta hicho chombo nikione."

Hakuanza na pleti. Alimwaga oili kidogo kwenye sufuria kuukuu, akaisugua katikati ya vidole, akainusa. "Pale wanakujazia oili ya kopo gani?"

Nikamwambia si ya kopo. Wanachota kwenye pipa, lile lile wanalojazia magari.

Akanyamaza. Halafu akanifafanulia, nami nakufafanulia hivyo hivyo. Klachi ya magari mengi ni kavu, haigusani na oili ya injini. Klachi ya pikipiki kama zetu imelowa, pleti zake zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyingi za magari madogo siku hizi zimewekwa dawa ya kuzidisha utelezi ili kuokoa mafuta. Kwa gari ni jambo zuri. Kwenye klachi yetu pleti zinakosa kung'ang'aniana, zinateleza, zinapata moto, zinaungua, na springi zinalegea. Oili ya pikipiki kopo lake linaandikwa JASO MA au MA2. Kumbe kila waliponitengenezea walikuwa wanairudisha ile oili.

Mzee mmoja wa usharika, mwalimu mstaafu, akatuandikia barua ya kupeleka kwa lile duka. Tukaambatisha risiti zote, kitabu cha dhamana na mfano wa oili kwenye chupa ya maji. Akaandika pia kwamba nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ile FCC inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye vifungu vya kumlinda mlaji. Kosa hawakulikiri. Ila waliweka pleti na springi mpya, wakanirudishia nilicholipa, na mjomba alisimama pale pale mpaka kopo lilipofunguliwa mbele ya macho yake.

Tangu hapo haijateleza. Hata hivyo kwenye ile kona bado napunguza kabla haijahitajika, na nikiwa na abiria aliyebeba mtoto nasali kwa sauti. Wengine wanacheka. Wacheke. Oili nanunua mwenyewe, kopo lililofungwa, hata nikienda kwa fundi ninayemwamini. Kama yako inateleza baada ya kila sevisi, anza kwa kuuliza wanajaza nini, na risiti usitupe hata moja.

Mkataba umebaki kidogo. Deni la bosi nimelimaliza. La mama bado: nimemwahidi mbuzi Krismasi, naye amesema hata Pasaka si mbaya, ila awe jike.