Kabla ya leza, weka kando kibano na mkorogo

Ndevu za mwanamke huonwa na wengi na kutajwa na wachache. Mama anaziona kwa binti yake, dada anaziona kwa mdogo wake, na kila mmoja anajifanya hajaona. Mwenye nazo hujifungia bafuni na kioo kidogo na kibano, hutoka na kidevu laini, na baada ya siku mbili tatu huanza upya.

Siku hizi matangazo ya leza yanamfuata mpaka kwenye simu yake. Yanaonyesha mashine nyeupe, uso unaong'aa na ahadi kwamba nywele zitakuwa historia. Mara nyingi hayasemi lolote kuhusu wiki zinazotangulia. Kwa ngozi nyeusi, kazi huanza nyumbani, wiki nne hadi sita kabla ya miadi, na humtaka mwanamke aache vitu viwili ambavyo pengine vimemsitiri kwa miaka mingi: kibano na mkorogo.

Chukua mfano wa binti mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu mwenye miaka 27. Nywele za kidevuni zilimwanza akiwa na miaka 19. Kila alfajiri, kabla ya kukimbilia daladala, alizing'oa moja moja. Nyingine zilikatikia ndani ya ngozi, zikajikunja na kutoa vipele. Vipele vikaacha madoa meusi. Rafiki yake akampa kikopo cha krimu iliyochanganywa dukani, isiyo na jina wala maelezo, ayafute madoa. Ndivyo mkorogo ulivyoingia, si kwa kutaka weupe, bali kwa kutaka kufuta alama za kibano.

Mahari ilipolipwa na harusi ikabaki miezi mitatu, alikwenda kliniki akiwa na shangazi yake. Alidhani ataingia na ndevu na kutoka bila ndevu. Mtaalamu alimwambia mambo mawili ambayo hakuyatarajia. La kwanza, nywele hazipo.

"Umezing'oa lini?" aliuliza.

"Jana, daktari. Nilitaka nije nikiwa msafi."

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa linatokana na kutoelewa leza inafanya nini. Leza haikati nywele wala haiichomi ngozi mpaka nywele zidondoke. Ni mwanga wenye nguvu unaotafuta rangi nyeusi iitwayo melanini. Melanini iliyo kwenye nywele hunyonya mwanga huo, hugeuka joto, na joto hushuka mpaka kwenye mzizi na kuuharibu. Msingi wa kazi hiyo ulielezwa mwaka 1983 na watafiti wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish: ukichagua aina sahihi ya mwanga na kuutoa kwa muda mfupi sana, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuviacha vilivyo jirani.

Nywele iliyong'olewa na mzizi wake haina cha kunyonya mwanga. Ndiyo maana kibano, uzi na nta vinatakiwa kusimama wiki nne hadi sita kabla ya miadi na katika kipindi chote cha matibabu. Hata ile nta ya nyumbani ya sukari na limau imo kwenye orodha hiyo. Kunachoruhusiwa ni kunyoa, kwa sababu wembe hukata juu na kuuacha mzizi chini.

Binti yule aliposikia kwamba atanyoa kidevu, alitazama chini. Kunyoa ndevu ni kazi ya baba na kaka. Tena aliwahi kuambiwa kwamba wembe hufanya nywele ziote nene na nyingi. Si kweli. Wembe hauugusi mzizi, na mzizi ndio unaoamua unene wa nywele. Nywele iliyonyolewa huonekana ngumu kwa sababu imekatwa katikati na ncha yake ni butu, basi. Lakini kuujua ukweli huo hakuondoi uzito wa kuushika wembe kwa mara ya kwanza.

Jambo la pili lilikuwa swali.

"Unapaka nini usoni?"

"Mafuta ya kawaida tu," alijibu. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yake.

Mtaalamu hakumbishia. Alimpa tarehe nyingine baada ya wiki sita na kumwambia kwamba siku hiyo watajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya. Siku ilipofika walijaribu, na siku ya pili yake pale palipojaribiwa pakatoka lengelenge dogo, kama punje ya mahindi, kisha doa jeusi. Alirudi peke yake, bila shangazi, na kikopo mkononi.

Ili kuona kwa nini kikopo kile kilikuwa muhimu, ikumbukwe kwamba melanini haikai kwenye nywele tu. Ipo pia kwenye ngozi, na kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyoweza kunyonya mwanga uliokusudiwa nywele na kuungua. Mashine za mwanzo za rubi zilitumia mwanga wa nanomita 694, unaofaa watu weupe wenye nywele nyeusi. Kwa ngozi nyeusi, mashine inayotajwa kuwa salama zaidi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake hunyonywa kidogo na melanini ya juu na kupenya chini zaidi mpaka kwenye mzizi.

Hata kipimo cha rangi ya ngozi ambacho wataalamu wengi hutumia hakikuanza kwetu. Kilitungwa na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975 kwa kuangalia jinsi ngozi nyeupe inavyoungua au kubadilika rangi juani. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, na leo zipo aina sita. Mtoa huduma hupanga nguvu ya mashine kwa kuangalia ngozi iko aina gani.

Sasa mweke mbele yake mtu aliyejichubua. Uso unasema aina moja, shingo na magoti yanasema nyingine. Mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu ambavyo Tanzania na nchi jirani zimevipiga marufuku au kuviwekea masharti kwenye vipodozi lakini bado vinauzwa kwa kificho. Steroidi huipunguza ngozi unene. Haidrokwinoni huweza kuiwasha. Ngozi ya namna hiyo ikipigwa leza huungua kwa urahisi, na ngozi nyeusi iliyoungua huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi, wakati mwingine zaidi.

Jaribio la sehemu ndogo ndilo lililomwokoa binti yule. Angekubaliwa siku ya kwanza, uso mzima ungekuwa na kile kilichompata chini ya taya. Alielekezwa kwa daktari wa ngozi amsaidie kuuacha mkorogo hatua kwa hatua, maana krimu yenye steroidi iliyopakwa muda mrefu ikiachwa ghafla inaweza kuleta wekundu, muwasho na vipele vibaya kuliko vya mwanzo. Leza ikasogezwa mbele.

Harusi haikusogezwa. Alimweleza mchumba wake habari yote, ndevu na kikopo, usiku mmoja kwa simu. Mchumba alinyamaza kidogo, akauliza kama kunyoa kunamuumiza. Wiki ile alipokuja kusalimia ukweni alikuwa na mfuko wa matunda kwa wakwe, na ndani yake pakiti ya nyembe mpya.

Kwa maharusi wengine, somo la kwanza ni hesabu ya kalenda. Leza haimalizi kazi kwa siku moja, kwa sababu nywele hazioti zote kwa wakati mmoja. Zinazoathirika ni zile zilizo katika hatua ya kukua, nyingine hulala na kuamka baadaye. Ndiyo maana watu wengi huhitaji vipindi sita hadi vinane, vikipishana wiki nne hadi sita kwa uso na zaidi ya hapo kwa mwili. Anayetaka kuwa tayari kwa harusi ya Desemba afikirie kuanza mapema mwaka huo huo kabla ya mvua za masika, si Novemba. Na ajue kwamba matokeo ni nywele kupungua kwa muda mrefu, si lazima kwisha kabisa. Mvi hazimo: hazina rangi ya kunyonya mwanga.

Hina na piko pia vipangwe. Rangi yoyote nyeusi au ya kahawia juu ya ngozi hunyonya mwanga, hivyo mkono au mguu uliochorwa haupigwi leza mpaka michoro ifutike. Tatuu hairukiwi kwa kubahatisha, hufunikwa na kuepukwa kabisa.

Wiki mbili kabla ya miadi, punguza jua: kofia, mtandio, na mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi. Krimu za chunusi zenye retinoidi husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya mtoa huduma. Mweleze kuhusu kila dawa unayomeza, hasa doksisaiklini, ambayo huifanya ngozi iogope mwanga, na vidonge vya isotretinoini. Mweleze kama makovu yako huwa yanatuna, kama hutokwa na malengelenge ya homa mdomoni, na kama una mimba. Kwa mjamzito, wengi huahirisha mpaka ajifungue.

Siku moja kabla, nyoa kwa wembe mpya. Asubuhi ya miadi, nawa kwa maji na sabuni isiyo kali, usipake poda, wanja, manukato wala mafuta ya nazi.

Usijipake ganzi mwenyewe nyumbani ili usiumie. Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walikuwa wamepaka krimu ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki wakijiandaa kwa leza. Dawa iliingia kwenye damu kwa wingi kupita kiasi.

Kuna maandalizi mengine yanayotangulia hata kalenda. Mwanamke mwenye ndevu nyingi, hedhi isiyo na mpangilio, chunusi zisizokoma au uzito unaopanda bila sababu apimwe homoni kwanza. Mara nyingi chanzo huwa ni tatizo la ovari liitwalo PCOS, ambalo hugusa uzazi na kuongeza hatari ya kisukari. Leza huondoa nywele zilizopo, lakini homoni zikibaki zilivyo zitaotesha nyingine, na kwa baadhi ya wanawake leza ya uso huamsha vinyweleo vilivyolala.

Ukifika kliniki, uliza mashine ni ya aina gani na imetumika kwa watu wangapi wenye rangi kama yako. Omba jaribio la sehemu ndogo, kisha rudi nyumbani usubiri. Nenda peke yako kama yupo mtu ambaye mbele yake huwezi kusema unachopaka. Na kama mhudumu anawasha mashine kabla hajakuuliza hata swali moja kuhusu ngozi yako, chukua mkoba wako uondoke.