Shangazi anataka kujua nani kasema

Samahani wasomaji wangu kwa kupotea wiki mbili hizi. Nilikuwa Nyamigogo, kule Kagera, nimemtembelea shangazi. Simu yangu ilikuwa inashika mtandao nikipanda juu ya kichuguu tu.

Siku ya pili tukaenda shambani kung'oa mihogo ya mchana. Mashina yamesimama vizuri, majani ya kijani. Yale ya chini yalikuwa na umanjano kidogo, nikadhani ni uzee. Tulipokata muhogo wa kwanza, ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Shangazi akavitupa pembeni bila kusema neno. Na mbegu za shamba hilo alikuwa ameshamwahidi jirani!

Mimi na uandishi wangu nikawahi: "Shangazi, hii ni michirizi ya kahawia. Usimpe mtu mbegu za hapa."

"Nani kasema?"

"Wataalamu."

"Wataalamu gani?"

Basi bwana, nikakwama. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kuandika habari ya ukurasa mzima kuhusu magonjwa ya muhogo. Jina langu lilikaa juu, herufi nzito. Waliofanya kazi yenyewe niliwaita "wataalamu wamebaini". Mara nne, nimehesabu.

Jioni nikapanda kichuguu kuwatafuta. Nikaanza na Dk. Joseph Ndunguru, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli aliyefanya utafiti miaka mingi pale Mikocheni, Dar es Salaam, na baadaye akaongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwaka 2005, yeye na wenzake walichapisha kwenye Virology Journal utafiti wa virusi vya batobato vya Tanzania. Walikuta aina nyingi kiasi cha kusema Afrika Mashariki ni kitovu cha virusi hivyo. Yaani muhogo ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini kirusi ni mwenyeji wetu. Mwaka 2015, kwenye PLoS ONE, wakatoa jenomu kamili 12 za virusi vya michirizi, ugonjwa ule ule wa shangazi. Majarida yote mawili yanasomwa bure, hata juu ya kichuguu.

Ukifuata orodha za makala unakutana na hesabu ya kunukuliwa: wangapi wameandika baadaye wakakutaja. Kuna kipimo cha h, alichokitoa mwanafizikia Jorge Hirsch, mwaka huo huo wa 2005. Ukiwa na h ya 20, una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Watu wanapewa vyeo na fedha za utafiti kwa namba hizo.

Sasa angalia. Makala ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, juu ya kupima kiasi cha protini, ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kufikia 2014. Kila mwenye maabara anaihitaji, awe anachunguza saratani au maharage. Makala ya kirusi cha muhogo inanukuliwa na nani? Na wachache wanaochunguza muhogo. Anayeihitaji zaidi ni shangazi, na shangazi haandiki makala.

Lakini sikuweza kuwalaumu wazungu wa namba. Wanasayansi wenyewe wanatajana vizuri tu. H. H. Storey aliandika juu ya michirizi mwaka 1936 akiwa Amani, Usambara, na mpaka leo wanaoandika juu ya ugonjwa huo wanamtaja. Karibu miaka 90! Mnyororo ulikuja kukatika mikononi mwangu, nilipoandika "wataalamu".

Asubuhi nikamsimulia shangazi yote. Storey wa Amani. Ndunguru wa Mikocheni. Nikamweleza kuwa kirusi kinakaa ndani ya shina, kinasafiri na mbegu, na nzi weupe wanakisambaza shamba kwa shamba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hapo umesema," akanijibu. Mchana akamwita jirani, akampasulia muhogo mmoja mbele ya macho yake. Jirani akauliza nani kasema ni ugonjwa wa mbegu.

"Yupo mtu wa Mikocheni anaitwa Ndunguru, na mzungu wa zamani wa Amani," shangazi akasema. "Huyu mtoto kasoma tu."

Hakuna kompyuta itakayoihesabu hiyo. Ila mimi nimeihesabu, na nafasi yangu kwenye sentensi ile nimeikubali.

Na wewe mwandishi mwenzangu, mara ya mwisho ulipoandika "wataalamu wanasema", ulikuwa unamsema nani?